Ng'ombe Aliyemponya Ndugu Yangu

Watu wakisikia kwamba ng'ombe alimponya ndugu yangu, hufurahi sana. Wengine hunishika mkono na kusema Mungu ana njia zake. Mama mmoja wa kanisa pale Kitale aliwahi kuniomba nisimame mbele ya watu nitoe ushuhuda. Nilimwambia ushuhuda wangu una sehemu zisizosemwa kanisani, akadhani natania. Basi wacha niuseme wote hapa, na asiyetaka kusikia aende zake.

Ndugu yangu mdogo alirudishwa nyumbani kutoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kabla hajamaliza. Mwalimu wake ndiye aliyemleta, na sanduku la bati, na shati limefungwa vifungo kombo. Alikuwa anacheka peke yake. Baadaye akaacha kucheka, kisha akaacha hata kuongea. Kwetu ni upande wa Kanduyi, karibu na barabara, mahali ambapo habari zako hufika kabla wewe mwenyewe hujafika. Walikuja kumwangalia majirani, watu wa kanisa, hata watu ambao hawakuwa wamekanyaga kwetu miaka. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Ati amerogwa na wenzake kwa sababu alikuwa na kichwa chepesi. Ati ni bangi. Ati kuna kuku baba alikataa kuchinja wakati wa msiba wa babu. Walikunywa chai yetu, wakatingisha vichwa, wakaenda kusimulia.

Hospitali ya serikali ilimpa sindano ya kila mwezi na tembe za kila siku. Sindano hakuweza kuikwepa, lakini tembe alizitema nyuma ya nyumba. Hakutaka maji yamguse. Siku zikiwa mbaya alikuwa akitoka mbio kuelekea barabarani kwenye malori, kwa hivyo baba na ami zangu walianza kumfunga kamba mguuni na kuishikiza kwenye kitanda. Mimi nilimkuta hivyo nilipokwenda kuwasalimu. Ilikuwa kamba ya nailoni, ile ya kufungia mbuzi. Mama alikuwa ameizungushia kitambaa cha leso yake ili isimkate. Nililia kwa sababu ya kile kitambaa kuliko kwa sababu ya kamba.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa Kiminini. Mume wangu alikuwa mkulima wa mahindi na alikuwa na mashine ya kusaga unga pale senta. Mtu wa watu, kabisa. Akikutana na mama mzee njiani anambebea mzigo, kanisani ndiye wa kwanza kupanga viti. Mahari alichelewa kuyaleta, lakini alipoyaleta aliyaleta kwa fahari, na kati ya wale ng'ombe alikuwamo mmoja wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi, wa kahawia, pembe moja imepinda kuelekea jicho. Wazee wetu walimzunguka wakamsifu kiwele chake mpaka nikaona haya, maana mimi mwenyewe sikuwahi kuangaliwa kwa makini namna ile. Ng'ombe wengine waligawiwa wajomba na ami kama ilivyo desturi. Huyo wa gredi baba alisema haendi popote.

Nilibaki kwetu siku chache baada ya wageni kuondoka, nimsaidie mama kuosha sufuria za kuazima na kuzirudisha. Yule ng'ombe alikuwa amekataa kila kitu. Majani ya nepia hakula, maji aliyanusa tu. Alikuwa akilia akiangalia upande wa njia aliyoletwa nayo. Mama alipochuchumaa kumkamua alipigwa teke, ndoo ikaenda huko, mama akaenda kule. Baba alipojaribu, naye alikula lake. Ikaanza kusemwa kwamba watu wa Kiminini wametuletea kichaa wa pili.

Asubuhi moja, mama alikuwa amemfungua ndugu yangu ili apate uji. Akainuka, akapita pembeni ya mama, akatoka. Sote tulijua anaenda barabarani. Baba akatupa jembe amkimbilie. Lakini hakwenda barabarani. Alienda zizini, akasimama kando ya yule ng'ombe, akaweka paji la uso wake kwenye ubavu wake. Ng'ombe akageuza kichwa akamnusa. Halafu akaanza kumlamba mkono. Ndugu yangu alikuwa hajaoga muda mrefu, ana chumvi ya kutosha ngozini, na ule ulimi uliokwaruza ulimpanda kutoka kiganja mpaka kiwiko. Mtu aliyekuwa akiruka ukimgusa na kitambaa chenye maji alisimama akalambwa. Kisha akasema, "Tulia." Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa yake. Mama alikaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe akalia.

Sitaki kutia chumvi, hakupona siku hiyo. Lakini kuanzia hapo ng'ombe hakukamuliwa na mtu mwingine. Mama naye ni mjanja. Alimwambia huwezi kushika chuchu za ng'ombe na mikono michafu, basi akanawa mikono, na baada ya mikono uso, na baada ya uso akaoga. Alimwambia mkamuaji hakamui kabla hajameza tembe, basi akameza. Ndugu yangu alimkatia ng'ombe nepia, alimnyunyizia dawa ya kupe, akaanza kumpeleka kwa josho, na huko kwa josho kuna wachungaji wengine, na wachungaji hupiga domo, na polepole akaanza kuwajibu. Maziwa yakazidi, akaanza kuyapeleka kwenye hoteli za Kanduyi kwa baiskeli. Kamba ikarudi kwa mbuzi.

Muuguzi wa wagonjwa wa akili pale hospitali alimuona akiendelea vizuri, akauliza nyumbani kumebadilika nini. Mama akamweleza, huku anaona aibu kidogo. Yule muuguzi hakucheka. "Dawa msiache, nasema tena, msiache," alimwambia. "Lakini hiyo ng'ombe pia msimwondolee. Kuna nchi daktari anaandikia mgonjwa mbwa ama farasi vile mimi naandika tembe. Mgonjwa anahitaji kitu cha kushika ambacho hakimuogopi." Baba alisema basi serikali ilete nepia. Mama ndiye aliyeyashika yale maneno akayafunga kwenye leso. Alimpandisha muuguzi cheo akawa daktari, na ikawa kila kitu ni daktari alisema. Sikujua kwamba daktari wa mama angenifuata mpaka Kiminini.

Sasa nije kwangu. Mume wangu alikuwa akinipiga. Nasema hivyo wazi kwa sababu miaka hiyo yote nilikuwa nikisema niliteleza, niligonga mlango, ndama alinisukuma. Alipiga kwa mpango, mahali ambapo nguo hufunika, na kesho yake anaamka anapiga mluzi akienda mashineni. Mimba yangu ya kwanza ilitoka baada ya teke. Hospitalini nilisema niliteleza kisimani, na muuguzi aliniangalia akaandika kisima. Baada ya hapo sikushika mimba tena, na hilo nalo likawa sababu ya kupigwa.

Nilirudi kwetu na mfuko wa nguo. Baba aliniona uso wangu, akatoka nje. Mama alinipikia, akanikanda na maji ya moto mahali palipovimba, akasubiri nimalize kula. Kwetu mwanamke akimwacha mume, ng'ombe hurudi walikotoka, na mimi sikuwa na mtoto wa kuwazuia. Nilijua. Lakini nilidhani hakuna atakayeanza na hilo.

"Mayi," mama aliniambia. Ni neno letu la kumwita mama, na mama akilitumia kwa binti yake ujue anabembeleza. "Mimi sikufukuzi, hapa ni kwenu. Lakini ukikaa, watu wa Kiminini watakuja kuchukua ng'ombe yao. Daktari alisema hiyo ng'ombe isitoke. Ikitoka, mimi nitaenda kumnyang'anya mbuzi kamba nimfunge mtoto wangu tena. Niambie kama unataka nifanye hivyo."

Nje nilimsikia ndugu yangu akimwambia ng'ombe habari za hoteli gani imekataa maziwa. Alikuwa anazungumza vizuri, sentensi nzima nzima. Nilirudi Kiminini kabla jua halijazama, na mama alinisindikiza na kuku wa kumpelekea mume wangu. Kuku, jamani. Nilimbeba kwapani njia yote.

Nilikaa. Nilijikaza kisabuni, kama tunavyosema. Halafu siku moja alinivunja mkono kwa sababu ya chumvi kwenye mboga, na mkono ukiwa kwenye plasta nilikata kauli kwamba nimechoka na ng'ombe wa watu. Sikurudi kwetu, maana nilijua kuku mwingine ananingoja. Nilienda Kachibora kwa rafiki yangu tuliyesoma naye, akanipa kona ya duka lake nishone nguo mkono ukipona. Nilimwambia asimwambie mtu. Nililala usingizi huko, usingizi wenyewe, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Mume wangu hakunitafuta. Alienda Kanduyi na pikapu na ndugu zake wawili, wakamwambia baba kwamba hawana mke, kwa hivyo wanataka ng'ombe, na wataanza na yule wa gredi. Hakupiga kelele. Alimsalimu mama kwa heshima zote. Walimpakia ng'ombe huku ndugu yangu amesimama ameshikilia ndoo, na gari lilipoondoka aliweka ndoo chini akalifuata. Walimwita, hakugeuka. Alitembea kutoka Kanduyi mpaka Kiminini. Kama unaijua hiyo barabara, unajua ni mwendo wa namna gani kwa miguu.

Mama ndiye aliyenipigia simu. Rafiki yangu alikuwa na simu ya dukani, na sijui nani alimpa nambari. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mtoto hayuko, dawa zake ziko dirishani, na anasikia yuko Kiminini.

Nilienda. Nilimkuta kwenye zizi la mume wangu, amevaa gambuti kuukuu na koti la mvua lililokuwa limetupwa ghalani. Nilitegemea kumkuta ameharibika. Haki ya Mungu, alikuwa mzima. Alinisalimu, akaniuliza mkono wangu umekuwaje, na kabla sijajibu akaniambia ng'ombe amekonda lakini ameanza kula. Alikuwa akikamua ng'ombe wote wa boma lile, anafagia zizi, anakata majani, analala kwenye stoo ya mbolea. Mume wangu alikuwa amemfuta kazi mchungaji wake. Kwa nini amlipe mtu, na shemeji yake yupo anafanya bure na anashukuru?

Nilimwambia ndugu yangu twende nyumbani. Akauliza, na ng'ombe? Nikamwambia ng'ombe anabaki. Akarudi kukamua.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi akinisikiliza. Alingoja nimalize kubembeleza. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kupanga viti kanisani, "Ng'ombe nilipeana juu ya mke. Nikiwa na mke, iko kwenu. Nikikosa mke, iko hapa. Huyu kijana sina shida na yeye, hata nampenda. Anaweza kukaa mpaka azeeke."

Niliwaangalia wote watatu, mume, ndugu na ng'ombe, na hakuna aliyekuwa na haraka. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na mahali pa kwenda. Nilikuwa nimeacha gauni la mteja likiwa halijapindwa kule Kachibora. Niliingia jikoni, nikatoa jivu, nikawasha moto.

Kesho yake ng'ombe alirudishwa Kanduyi kwa pikapu ileile, ndugu yangu amekaa nyuma amemshika shingo. Kwetu walimpigia mume wangu makofi. Ati ni mume gani angeweza kumrudishia mgonjwa ng'ombe wake? Ami zangu walimsifu kwenye vikao, mama alimwombea kwa jina lake kila Jumapili. Jina langu halikuwamo, maana mimi nilikuwa tu nimerudi kwangu.

Miaka ilienda. Wakati mmoja kikundi chetu cha akina mama kilialikwa semina katika ukumbi wa hoteli moja Kitale, kuhusu afya ya akili. Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu na kompyuta yake, akatuonyesha picha ukutani: mbwa amelala miguuni pa askari aliyetoka vitani, mtoto asiyeongea amekumbatia shingo ya farasi, wazee wamepakata paka. Alisema vizuri. Alisema mnyama hamhukumu mgonjwa, hamwulizi kwa nini uko hivyo, humpa sababu ya kuamka asubuhi. Yote ni kweli, niliyaona kwa macho yangu. Mwishoni akauliza kama kuna swali. Nikauliza, na huyo mnyama ni wa nani? Akasema hajanielewa. Nikarudia, huyo mnyama ni wa nani, nani amemtoa, na ametoa nini ili abaki hapo? Kijana akatabasamu, akasema hilo ni swali zuri la rasilimali, atalijibu baada ya chai. Baada ya chai tuligawiwa fulana.

Basi ndugu yangu akapona. Sindano zilipunguzwa, zikabaki tembe chache. Akaajiriwa mahali pa kupokea maziwa ya wakulima, akanenepa, akaanza kuvaa mashati ya kupigwa pasi. Halafu tukasikia ana msichana ambaye kwao ni Webuye, na wazee wa kule wamekubali. Niliitwa Kanduyi kupika. Asubuhi ya kupeleka mahari nilimkuta zizini anamwosha yule ng'ombe wa kahawia, ambaye sasa alikuwa amezeeka kidogo lakini bado anatoa maziwa ya kuheshimika. Nikamuuliza anamwosha aende wapi. Akaniambia Webuye. Alisema wazee wa kule wamesikia sifa za ng'ombe huyu, wanamtaka yeye atangulie. Alimpapasa ubavu, akasema ng'ombe alimsaidia sana, sasa atamsaidia tena.

Mama alinung'unika kidogo habari za daktari, lakini furaha ya kupata mkaza mwana ilimziba mdomo. Ng'ombe alienda. Ndugu yangu alimtazama akiondoka, akanawa mikono, akaenda kuvaa tai. Usiku hakutoka mbio, kesho yake akaenda kazini. Sote tulimchungulia juma zima, na hapakuwa na kitu.

Nami nilifurahi kama mjinga. Niliporudi Kiminini niliosha vyombo nikiimba, mpaka mume wangu akaniuliza nimekula nini. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu mwenyewe: nilikuwa nimekaa pale kwa ajili ya akili ya ndugu yangu, na akili ya ndugu yangu sasa inasimama yenyewe. Hakuna kamba tena, hakuna daktari. Nikaanza kutoa nguo zangu moja moja kuzipeleka kwa rafiki yangu Kachibora. Nilikuwa bado sijawa mzee. Nilijiona na cherehani yangu, na kitanda changu, na mlango ninaoufunga kwa ndani.

Nilitaka ndugu yangu awe wa kwanza kujua, kwa sababu nilidhani ndiye atakayefurahi zaidi. Walikuja kunitembelea, yeye na mkewe na mtoto wao mchanga. Mke alikuwa ndani akimnyonyesha, mume wangu alikuwa mashineni. Nilimketisha nyuma ya jiko, nikamweleza yote, tangu mimba iliyotoka. Nilimwonyesha mgongo wangu, na sijawahi kumwonyesha mtu. Nilimwambia nimekaa hapa kwa sababu yake, simlaumu, lakini sasa natoka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimlengalenga, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema, "Dada, ukitoka, hawa watakuja Kanduyi kudai ng'ombe. Na ng'ombe iko Webuye, ndiyo nimeolea. Unataka wakaitoe kwa wakwe zangu? Mimi nitamwambia mke wangu nini, na sasa tuna mtoto? Vumilia kidogo, dada."

Nilimwangalia usoni. Hakuwa anatetemeka, hakuwa anakwepa macho yangu. Alikuwa ameyapima maneno yake, akajua kilicho chake na jinsi ya kukilinda, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Nikajua ndugu yangu amepona kabisa, na kwamba mimi siondoki.